Tangazo la mwaka 1802: sura yako kwa pasteli, muda wa saa tatu

Mwaka 1802 gazeti la Sankt-Peterburgskie Vedomosti lilichapa tangazo fupi la mchoraji aliyehamia mjini karibuni. Jina lake Venetsianov, kazi yake kuchora kwa pasteli, yaani vijiti vya rangi kavu, akiwa na kitu chenyewe mbele ya macho, na muda anaohitaji ni saa tatu. Anapatikana katika nyumba ya kahawa ya Riga, karibu na Daraja la Mawe. Alexey Venetsianov alikuwa na umri wa miaka 22, mtoto wa mfanyabiashara wa Moscow, na riziki yake ilitokana na upimaji ardhi na uchoraji ramani. Tangazo halikumpatia wateja wa kumweka mjini. Akarudi Moscow. Alipokuja tena St. Petersburg mwaka 1807 aliingia kwanza kwenye ajira ya ofisi ya posta, sanaa ikabaki ya saa za ziada.

Kisa hiki ni kidogo, lakini ukikifungua unapata karibu mambo yote ya sura za pasteli, yaani picha za nyuso za watu, nchini Urusi mwanzoni mwa karne ya 19: kwa nini ziliwezekana haraka vile, kwa nini zilikuwa picha za sebuleni na si za ukumbini, na kwa nini katika miaka ishirini hivi zilikuwa zimepoteza soko. Tuanze na zile saa tatu, maana hapo ndipo wengi hudhani kijana alikuwa anajigamba.

Hakuwa anajigamba. Sura ya rangi ya mafuta haiwezi kumalizika kwa kikao kimoja ikiwa mchoraji anafuata utaratibu wa Akademi ya Sanaa, taasisi iliyowapa wachoraji vyeo: anatandika tabaka la kwanza, anasubiri likauke kwa siku kadhaa, anarudi juu yake, anasubiri tena, kisha anapaka matabaka membamba yanayopitisha mwanga. Mteja anaitwa kuketi mara nyingi. Pasteli haina cha kukauka. Ni unga wa rangi uliobanwa kuwa kijiti kwa gundi dhaifu mno, na ukiuburuza kwenye karatasi yenye ukwaruzo, chembe zinanasa kwenye nyuzi na kubaki hapo. Rangi unayoiona sasa ndiyo utakayoiona kesho. Kwa hiyo saa tatu ni muda wa mkono na jicho tu, bila hata dakika moja ya kungoja.

Ila muda huo umekopwa kutoka siku zilizotangulia. Mchoraji wa mafuta huchanganya rangi akiwa kazini, kwenye ubao wake. Wa pasteli hawezi. Lazima kila kivuli cha rangi kiwe tayari kama kijiti chake, kimelala sandukuni. Chukua rangi nane za msingi zilizokuwepo wakati ule: udongo wa manjano, udongo mwekundu, amba (udongo wa kahawia), vermilioni (nyekundu kali), karmini (nyekundu inayotokana na wadudu), buluu ya Prussia, manjano ya Naples na nyeusi ya masizi. Kila moja ifanyie ngazi tano kuelekea weupe. Tayari una vijiti 40, na bado hujagusa kijani wala rangi za ngozi zilizochanganywa mapema. Sanduku pungufu ndilo linalomchelewesha mchoraji, kwa sababu atalazimika kupaka rangi mbili, moja juu ya nyingine, ili kupata ya tatu, na karatasi haivumilii mchezo huo mara nyingi.

Utengenezaji wenyewe ni hivi. Gundi ya tragakanthi, utomvu mkavu wa mmea, inalowekwa kwenye maji, takriban gramu 20 kwa lita moja, mpaka ivimbe na kuwa uji mzito. Sehemu ya uji huo inaongezwa maji kiasi kilekile, na sehemu ya huo wa pili vivyo hivyo, upate nguvu tatu za gundi. Rangi inasagwa na maji juu ya jiwe laini hadi iwe donge, na pembeni linaandaliwa donge jeupe la chaki laini au udongo mweupe. Kijiti cha kwanza kinakuwa rangi tupu. Nusu ya donge linalobaki inachanganywa na kiasi sawa cha donge jeupe, ndiyo ngazi ya pili. Nusu ya hilo tena na jeupe, ngazi ya tatu. Hivyo hivyo mpaka rangi ibaki kama harufu tu. Vijiti vinaviringishwa kwa kiganja na kuachwa vikauke siku mbili tatu mbali na jiko, kwani joto la ghafla huvipasua.

Kosa la kawaida hapa ni kutumia gundi moja kwa rangi zote. Udongo wa manjano una mfinyanzi ndani yake, unajishika wenyewe, unataka gundi hafifu kabisa. Buluu ya Prussia hukauka ikawa ngumu kiasi cha kukwaruza karatasi bila kuacha alama, nayo pia inahitaji gundi kidogo sana na weupe mwingi. Rangi nyingine zikipewa gundi hiyohiyo hafifu zinasagika mkononi kabla hazijafika kwenye picha. Kijiti kizuri kinaachia unga kwa mguso mwepesi na bado hakivunjiki. Mwenye kujua chaki ya ubaoni afikirie kitu laini zaidi ya hapo, chenye rangi iliyokolea mara nyingi zaidi.

Weupe nao una mtego. Nyeupe ya risasi, ambayo ndiyo mhimili wa rangi ya mafuta, haifai kwenye pasteli. Ndani ya mafuta imefunikwa. Kwenye unga mkavu iko wazi hewani, na moshi wenye salfa huigeuza kuwa nyeusi. Kidoa cha mwanga ulichoweka kwenye jicho kinakuja kuwa doa. Halafu ni sumu ikivutwa puani, kama ilivyo vermilioni iliyotokana na zebaki. Aliyejua kazi hakupuliza vumbi la picha kwa mdomo. Aliinamisha ubao mbele na kuugonga mgongoni kwa kidole, vumbi likaanguka chini.

Sasa mteja ameketi. Tangazo halielezi saa tatu zinavyogawanywa, lakini mwenendo wa pasteli wenyewe unaacha njia chache. Ukubwa ni kichwa na mabega karibu na ukubwa halisi, karatasi ya takriban sentimita 50 kwa 40. Karatasi iliyopendwa sana na wachoraji wa pasteli ni ya buluu, iliyotengenezwa kwa matambara, ikibandikwa kwa wanga wa ngano juu ya turubai iliyovutwa kwenye fremu ya mbao. Turubai inaipa karatasi mkazo na mdundo kidogo chini ya mkono. Buluu hiyo si pambo. Ni nusu ya kazi: inasimama badala ya kivuli cha kati cha ngozi ya Mzungu, hivyo mchoraji anaongeza mwanga kwa upande mmoja na giza kwa upande mwingine, na sehemu kubwa ya katikati anaiacha karatasi iseme yenyewe.

Nusu saa ya kwanza ni ya vipimo. Mchoro mwepesi wa chaki nyeusi au nyekundu: urefu wa kichwa, mstari wa macho, pembe ya pua, umbali wa kidevu na shingo. Hapa mtu aliyezoea kupima mashamba ana faida yake. Makosa ya vipimo hayafichiki baadaye, kwa sababu kufuta pasteli ni kuingiza unga ndani zaidi.

Saa nzima inayofuata ni ya maeneo mapana. Kijiti kinalazwa ubavu, si ncha, na rangi inapigwa kwa mapana: udongo mwekundu uliopaushwa kwenye mashavu, manjano hafifu kwenye paji la uso, kijivu chenye ukijani chini ya taya. Kisha kusugua kwa kidole, au kwa kijiti cha ngozi iliyokunjwa pale kidole kisipoingia. Kusugua kunaunganisha rangi na kuondoa mistari, na ndiko kunakovipa vipande vingi vya enzi ile ule ulaini wa poda. Ndiko pia kunakoviua. Unga uliosuguliwa sana unajaza vinyweleo vya karatasi, na karatasi ikishashiba, tabaka jipya linateleza juu yake bila kushika. Wakati huohuo chembe zinalala bapa, mwanga hautawanyiki tena, na ngozi inaonekana kama sabuni. Dawa yake ni burashi kavu ya manyoya magumu, au chembe za mkate mbichi, kutoa unga mpaka ukwaruzo urudi. Inakula robo saa, na mwenye saa tatu hana robo saa za kutupa.

Kwa mtazamo wetu uhodari wote wa pasteli uko kwenye kujua mahali pa kutosugua. Saa ya mwisho ni ya mipigo mikavu inayoachwa ilivyo: mwanga kwenye ncha ya pua, kope la chini, unyevu wa mdomo wa chini, nywele mbili tatu zilizotoka kwenye mpangilio. Mdomo unaachwa mwisho kwa sababu ya mteja mwenyewe. Mtu aliyekaa kimya dakika ishirini uso wake unaporomoka. Misuli ya mashavu inalegea na pembe za mdomo zinashuka. Ndiyo maana mchoraji anapaswa kumwongelesha, kumpa mapumziko, na kuushika mdomo pale unapochangamka.

Mikono haipo. Mtazamaji wa leo anaweza kudhani ni mtindo, lakini mara nyingi ni hesabu ya muda: mkono mmoja uliochorwa vizuri unakula karibu muda wa uso. Nguo nazo hupata mipigo michache, kola na kitambaa cha shingoni, basi. Hapo ndipo kutokuwa rasmi kunapozaliwa. Sura rasmi ya Kirusi ya enzi ile ina nguzo, pazia zito, nishani kifuani, meza yenye karatasi za serikali, na mkono unaoelekeza kitu. Vyote hivyo vinahitaji wiki kadhaa na turubai kubwa. Ukiondoa wiki na turubai, anabaki mtu na uso wake, na koti la nyumbani halina aibu tena. Heshima ndogo ambayo Akademi iliipa pasteli ilimsaidia mteja pia: picha haiendi ukumbini, inaenda chumba cha kulala au kwa dada aliyeolewa mbali, kwa hiyo hana sababu ya kuvaa cheo chake.

Kuna kikwazo kingine ambacho tangazo halikukitaja wala halikuhitaji kukitaja kwa wenyeji. St. Petersburg iko karibu na nyuzi 60 kaskazini. Mwishoni mwa Desemba mchana wake wote ni saa 5 na dakika 50 hivi, tena chini ya mawingu, na mwanga wa mshumaa haufai kwa pasteli kwa sababu unaficha manjano na kuchafua buluu. Kikao cha saa tatu kinameza zaidi ya nusu ya siku. Katikati ya Juni mchana unakaribia saa 19, na wateja wenye uwezo wameshakwenda mashambani kwao. Isitoshe, ndani ya saa tatu jua huzunguka nyuzi 45, kivuli cha pua kikahama shavuni. Dirisha linaloangalia kaskazini linatatua hilo. Aliyepanga chumba kwenye nyumba ya kahawa hachagui dirisha lake.

Picha imekwisha; matatizo ya mteja ndiyo yanaanza. Unga ule haujashikwa na kitu. Swali la kwanza la kila mtu ni kwa nini usimwagiwe gundi. Ilijaribiwa sana katika karne ya 18. Antoine-Joseph Loriot huko Paris alikuwa na njia yake ya kunyunyizia gundi ya samaki iliyoyeyushwa pamoja na pombe, na siri hiyo ilitolewa hadharani mwaka 1780. Gundi bora ya aina hiyo ilitoka Urusi kwenyewe, kwenye vibofu vya samaki wa sturjoni wa Volga na Bahari ya Kaspi. Malighafi ilikuwepo basi, na bado wengi waliikwepa, kwa sababu inayoeleweka. Mng'ao wa pasteli unatokana na hewa iliyo kati ya chembe: mwanga unaingia, unagonga kingo nyingi, unarudi mweupe. Gundi ikijaza nafasi zile, mwanga unapita badala ya kurudi. Chaki inakuwa nusu angavu, rangi nyepesi zinazama, na uso uliokuwa hai unakuwa na wingu. Kunyunyizia kidogo sana hakushiki. Kunyunyizia kwa kutosha kunaharibu.

Kilichobaki ni kioo. Kioo hakitakiwi kugusa picha, kwa hiyo vipande vyembamba vya mbao vinawekwa pembeni kati yake na karatasi. Mgongo unazibwa kwa karatasi na wanga, na misumari inaepukwa, maana kila pigo la nyundo linaangusha unga kwenye fremu. Kusafirisha ni kulaza picha uso juu ili unga unaotikisika urudi ulikotoka. Mtu akiisimamisha kwenye kigari cha farasi juu ya mawe ya barabara za mji, atakuta mstari wa vumbi la waridi chini ya kioo. Ukutani adui ni unyevu. Ukuta wa nje wa nyumba ya mji uliojengwa kwenye kinamasi unatoa maji wakati wa baridi, na ukungu unapenda wanga uliobandikia karatasi pamoja na gundi ya vijiti. Madoa meupe yenye manyoya huanzia kwenye rangi nyeusi, yanapoonekana kwanza. Karmini ya midomo na mashavu, kwa upande wake, inapauka kwa mwanga wa dirisha hata kama kila kitu kingine kimetunzwa, na baada ya miaka kadhaa mwanamke aliyekuwa na afya anabaki na sura ya mgonjwa.

Kwa hiyo mteja wa 1802 alikuwa anapima nini? Bei ya picha ni nafuu kwa kuwa muda ni mfupi, lakini kioo na fremu vinaongezeka juu yake. Mchoraji hana cheo cha Akademi, hana mfadhili, na anapokea watu kwenye nyumba ya kahawa, mahali ambapo mama wa heshima hapeleki binti yake akaketi saa tatu mbele ya kijana asiyejulikana. Mjini kulikuwa na wachoraji wa pasteli wa kigeni waliotangulia kuzoea nyumba za wakubwa. Sisi tunaliona tatizo la tangazo liko hapo hasa: lilitangaza mwendo wa haraka, wakati wenye fedha walikuwa wananunua jina. Mwendo ulikuwa na maana kwa mtu wa kipato cha kati, na huyo ndiye asiyekuwa na desturi ya kuagiza sura yake.

Venetsianov alilielewa soko hilo, maana hatua zake zilizofuata zinaelekea kwenye jina. Alijifunza rangi ya mafuta kwa Vladimir Borovikovsky, mchoraji mashuhuri wa sura, akaishi nyumbani kwake. Mwaka 1811 aliiletea Akademi sura yake mwenyewe, ya mafuta, kisha sura ya mkaguzi wa shule ya Akademi hiyo, Kirill Golovachevsky, akiwa na wanafunzi watatu, naye akapewa cheo cha mwanaakademi. Hata hivyo sura ya 1811 inaonyesha mtu aliyetoka kwenye pasteli: rangi zimetulia, uso umejengwa kwa mapito ya taratibu ya mwanga, na msanii amevaa miwani huku akiitazama kazi iliyo mkononi badala ya kututazama sisi. Mkao ule wa kutojali wageni ni wa sebuleni.

Wenzake walichukua njia nyingine kuelekea ukaribu uleule. Orest Kiprensky, katika miaka ya vita dhidi ya Napoleon, alichora maofisa vijana na marafiki kwa penseli laini nyeusi ya Kiitaliano, akigusa pasteli au rangi ya maji pale tu alipotaka shavu liwe na damu au macho yawe na maji. Ukitazama kwa jicho la fundi, ni suluhisho la busara. Unga ni kidogo, hivyo kinachoweza kuanguka ni kidogo; karatasi inabeba sehemu kubwa ya picha; na kikao kinaweza kuwa kifupi kuliko saa tatu.

Pasteli tupu ilipata pigo lake kutoka kwa rangi ya maji. Pyotr Sokolov, aliyezaliwa 1791, aliifanya sura ya rangi ya maji kuwa hitaji la kila familia ya kiungwana kuanzia miaka ya 1820. Ilikuwa na wepesi wa pasteli, kikao kimoja au viwili, bila mzigo wake. Haitaki kioo ili iishi. Inaingia kwenye albamu, inakunjiwa ndani ya barua, inasafiri na afisa kwenda Kaukazi na kurudi. Sura ya pasteli haiwezi kuingia kwenye albamu hata siku moja, kwani ukurasa wa mbele utaondoka na nusu ya uso. Albamu zilipokuwa mtindo, hesabu ilikuwa imekwisha.

Venetsianov mwenyewe hakuvitupa vijiti. Aliacha ajira mwaka 1819, akahamia shambani Safonkovo, mkoa wa Tver, na mwanzoni mwa miaka ya 1820 akafanya kwa pasteli juu ya ngozi ya kuandikia picha ya wakulima wakisafisha bitiruti, ambayo sasa iko Jumba la Makumbusho la Urusi mjini St. Petersburg. Ngozi haina ukwaruzo wa karatasi. Inabidi isuguliwe kwanza kwa jiwe la pumisi, jiwe jepesi la volkano, mpaka inyanyue nywele ndogo za kushika unga, na hata hapo inabeba matabaka machache. Fidia yake ni ulaini wa ngozi ya binadamu bila kusugua sana. Ila inavuta unyevu na kujikunja, na kila inapojikunja inarusha chembe. Kuichagua kwa picha ya watu wengi kulihitaji ujasiri wa aliyekwisha jua makosa yake kwenye vichwa vya wateja.

Miaka hiyohiyo alichora Gumno, uwanja wa kupuria nafaka, kwa mafuta, akakata ukuta mzima wa ghala ili mwanga uingie kama alivyotaka. Tsari Alexander I aliinunua kwa rubo 3,000.

Kwa anayeshika picha za aina hii leo, kanuni za makumbusho zinafuata udhaifu uleule wa 1802: mwanga usiozidi luksi 50, maonyesho ya miezi michache kisha kupumzishwa gizani, unyevu usiopandapanda, na kioo halisi. Plastiki angavu ni nyepesi na haivunjiki, lakini ikifutwa kwa kitambaa inapata umeme tuli, na unga unaruka kutoka kwenye picha kuifuata.